Mwanangu anashinda mbio za baiskeli, mbona mifupa yake ni dhaifu?

Ndugu Mshauri,

Nina kijana wa miaka 16 anayeshindana mbio za baiskeli za barabarani. Alianza akiwa na miaka 11. Sasa ana timu, ana kocha, na msimu uliopita alikuwa miongoni mwa vijana bora wa rika lake. Karibu kila siku yuko barabarani, na mwisho wa wiki huendesha saa nne hadi tano. Zamani alicheza mpira wa miguu na mpira wa kikapu, lakini aliacha yote alipoingia kwenye timu. Kocha alimwambia huko ataumia bure.

Miezi michache iliyopita alianguka. Hakuwa kwenye mteremko wala katikati ya kundi la mbio. Alikuwa karibu kusimama, kiatu kikakataa kutoka kwenye pedali, akaangukia mkono, na mfupa ukavunjika karibu na kifundo. Mwaka mmoja kabla ya hapo alivunjika mtulinga kwenye mbio, lakini ule tuliuchukulia kuwa ajali ya mchezo. Safari hii daktari hakuridhika, akaagiza kipimo cha DXA, ile picha ya eksirei inayopima madini ya mifupa. Majibu yanasema alama yake ya Z kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kiuno, ni -1.9, na kwenye nyonga ni -1.1. Nilidhani wamekosea jina la mgonjwa. Huyu ni mtoto ambaye moyo wake ukipumzika hupiga chini ya mara 50 kwa dakika, na anaweza kupanda mlima nusu saa bila kutua. Anawezaje kuwa na mifupa dhaifu kuliko wenzake wanaoshinda wamekaa?

Kocha anasema waendesha baiskeli wote wako hivyo, nimnunulie vidonge vya kalsiamu, aendelee na ratiba. Baba yake anataka aache baiskeli kabisa. Kijana mwenyewe wala haongei habari za mifupa. Anachotaka ni kushuka kutoka kilo 58 hadi 55 kabla ya mbio za milimani. Anajipima kila asubuhi. Hutoka mazoezini bila kifungua kinywa, na usiku hagusi chakula cha wanga. Siku hizi mafua hayamwishi, hasira ziko karibu, na tangu mwaka jana sioni akirefuka.

Mdogo wake wa kike ana miaka 12 na anaomba kujiunga na timu hiyo hiyo. Naogopa kumkubalia na naogopa kumkatalia.

Je, baiskeli ndiyo iliyomwumiza mwanangu? Aache? Vidonge vitatosha? Na huyu binti nimwambie nini?

Mama mwenye wasiwasi

*

Dada yangu,

Kipimo hakijakosewa, na wewe hujachelewa. Kijana wa miaka 16 bado yuko katika umri wa kujenga mifupa. Huyo daktari aliyekataa kuridhika na plasta peke yake amewatendea jambo kubwa, kwa sababu vijana wengi wa mchezo huu hugundua hali yao baada ya miaka ya ujenzi kupita.

Kwanza tuisome hiyo alama. Alama ya Z humlinganisha mtu na watu wa umri na jinsia yake. Sifuri ni wastani, na namba hasi maana yake yuko chini ya wastani. Kwa watoto na vijana, daktari huandika kwamba wingi wa madini ya mfupa uko chini ya unaotarajiwa kwa umri pale alama inapofika -2.0 au kushuka zaidi. Kwa hiyo yupo atakayekuambia kwamba -1.9 bado imo ndani ya mstari, mrudi nyumbani mkapumzike. Usikubali. Wanariadha wa michezo ya kukimbia na kuruka kwa kawaida huwa na mifupa yenye madini mengi kwa asilimia 5 hadi 15 kuliko watu wasiofanya mazoezi. Ndiyo maana madaktari wa michezo hawasubiri -2.0. Mwanariadha akishuka chini ya -1.0, huanza kutafuta sababu. Mwanao ameshuka mbali zaidi ya hapo kwenye uti wa mgongo, na amevunjika mfupa kwa kuanguka akiwa karibu amesimama. Mambo hayo mawili yakikutana, ni onyo la kweli.

Lakini pia usimbandike jina la ugonjwa ambao hana. Osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu inayovunjika upesi, kwa mtoto haitangazwi kwa kipimo cha DXA peke yake. Huhitaji alama ya -2.0 au chini pamoja na historia nzito ya kuvunjika mifupa mirefu, mara tatu au zaidi kufikia umri wa miaka 19, ama pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea bila ajali kubwa. Mwanao hajafika huko. Muulize pia daktari kama majibu yamezingatia urefu wake na hatua yake ya balehe, kwa sababu mtoto mfupi au aliyechelewa kubalehe huweza kuonekana ana mifupa dhaifu kuliko hali ilivyo.

Sasa, je, baiskeli ndiyo iliyomwumiza? Baiskeli haibomoi mfupa kwa kuugonga. Tatizo lake ni kwamba haiugongi kabisa. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya kila wakati, na seli zilizomo ndani yake ndizo zinazoamua wapi paongezwe na wapi papunguzwe. Seli hizo huamshwa na mfupa unapopindika kidogo kwa nguvu ya ghafla: kutua baada ya kuruka, kukata kona ukikimbia, kuinua mzigo mzito. Juu ya baiskeli ya barabarani uzito wa mwili umebebwa na siti, usukani na pedali. Miguu inazunguka kwa ulaini, maelfu kwa maelfu ya mizunguko, kwa mwelekeo ule ule, bila kishindo. Misuli inapata kazi, moyo unapata kazi, lakini uti wa mgongo umeinama tu na hauna unachobeba. Akirudi nyumbani anaambiwa apumzishe miguu, akae, alale. Jumlisha saa za darasani, na utaona kwamba mifupa ya kijana anayefanya mazoezi kuliko shule nzima inapitisha siku karibu bila kubeba kitu. Yale mapigo ya moyo chini ya 50 yanakueleza habari za moyo. Mfupa hauna habari nayo.

Hali hii si ya mwanao peke yake. Watafiti wa Uhispania walichapisha mwaka 2011 matokeo ya kulinganisha vijana waendesha baiskeli na wenzao, na wakakuta waendesha baiskeli wana madini pungufu katika sehemu kadhaa za mifupa. Waendesha baiskeli za milimani, wanaorushwarushwa na mawe na mizizi, huonekana kuwa na mifupa bora kuliko wa barabarani. Kwa hiyo kocha yuko sahihi anaposema hali hii ni ya kawaida katika mchezo huu. Anapokosea ni pale anapochukulia kwamba jambo la kawaida halina madhara.

Umri wenyewe ndio unaonipa haraka. Takriban robo ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima huwekwa ndani ya miaka miwili tu, ile inayozunguka kilele cha ujenzi, ambacho kwa wasichana huja karibu na miaka 12 na nusu na kwa wavulana karibu na 14. Baada ya hapo ujenzi unaendelea kwa kasi ndogo hadi mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Mwanao aliacha mpira wa kikapu na mpira wa miguu wakati huo huo ambao mifupa yake ilihitaji kuruka na kukimbia kuliko wakati wowote. Sikulaumu kwa hilo. Ushauri mlipewa na mtu mliyemwamini.

Hata hivyo, kukosa kishindo peke yake mara nyingi hakumfikishi kijana kwenye -1.9. Nilipofika kwenye barua yako pale unaposema anaacha kifungua kinywa, hagusi wanga usiku, mafua hayamwishi na harefuki, ndipo nilipoona kiini cha jambo. Mwanao hali chakula kinachomtosha, na pengine amekuwa hivyo kwa muda mrefu.

Acha nikuonyeshe kwa hesabu, kwa sababu ukubwa wa pengo huwashangaza wazazi wengi. Wataalamu hupima nishati inayobaki kwa ajili ya mwili baada ya kutoa ile iliyotumika mazoezini, kisha huigawa kwa kilo za mwili bila mafuta. Kiwango kizuri ni takriban kalori 45 kwa kila kilo kwa siku, na chini ya 30 homoni na mifupa huanza kuathirika. Kijana wa kilo 58 aliyekonda huenda ana kilo 52 hivi zisizo mafuta. Mara 45 ni kalori 2,340. Saa tatu za barabarani zinaweza kumla 1,800. Siku hiyo anahitaji zaidi ya 4,100. Akila 3,300, ambazo mezani zitaonekana ni chakula cha watu wawili, bado yuko chini ya kile kiwango cha 30. Kama ana kifaa cha kupimia wati, yaani nguvu anayotoa kwenye pedali, tazama namba ya kilojuli mwishoni mwa safari, kwani hukaribiana sana na kalori alizotumia. Hesabu hii nimeitoa ili wewe uone pengo. Tafadhali usimpe kijana namba za kuhesabu kila tonge. Anayejipima kila asubuhi tayari ana namba za kutosha kichwani, na anayekua anahitaji nyongeza ambayo hesabu hii haijaigusa.

Nishati ikipungua kiasi hicho, mwili hufanya kama nyumba iliyoishiwa: hulipia chakula cha leo na kuahirisha ukarabati wa paa. Moyo na ubongo huhudumiwa kwanza. Uzazi, kukua, kinga na mifupa husubiri. Kwa mvulana testosteroni hushuka, kwa msichana estrojeni hushuka na hedhi huvurugika au kukatika, na homoni zote mbili ndizo zinazoulinda mfupa usibomolewe kupita kiasi. Mafua yasiyoisha, hasira za karibu na urefu uliosimama vinaweza kutoka kwenye chanzo hicho kimoja. Kwa miaka mingi tatizo hili lilizungumzwa kama la wasichana peke yao. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko lililowaingiza wanaume pia, na leo madaktari wa michezo huiita hali hiyo REDs. Litaje jina hilo kwa daktari wako, umwambie unataka mwanao achunguzwe kwa jicho hilo.

Usidhani kipaji humkinga mtu. Chris Boardman wa Uingereza alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona mwaka 1992 na akaivunja zaidi ya mara moja rekodi ya dunia ya saa moja, yaani ya umbali mrefu zaidi unaoendeshwa ndani ya saa moja. Akiwa bado mwendesha baiskeli wa kulipwa alikutwa na osteoporosisi na homoni zilizoshuka, na mwaka 2000 alistaafu akiwa na miaka 32. Mwambie kijana wako habari hii. Mtoto anayekuona wewe ni mama mwenye woga huenda akamsikiliza bingwa wa Olimpiki.

Na mwambie pia kuhusu zile kilo tatu, kwa lugha anayoielewa. Mlimani kinachohesabika ni wati kwa kilo. Tuseme sasa anatoa wati 260 kwa kilo 58, yaani karibu 4.5 kwa kilo. Akishuka hadi kilo 55 kwa njaa na wati zikashuka hadi 246, bado yuko pale pale kwenye karibu 4.5, isipokuwa sasa ni dhaifu zaidi kwenye tambarare, kwenye upepo na kwenye mita 200 za mwisho. Wati 14 ni rahisi sana kupotea kwa kijana anayekosa chakula na kuugua kila mara. Mvulana wa miaka 16 anatakiwa aongezeke uzito, maana anaongezeka misuli na mifupa. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, UCI, kimeweka uzito wa chini kabisa wa baiskeli ya mbio, kilo 6.8. Mwili wa mtoto haukuwekewa kanuni kama hiyo, kwa hiyo ulinzi huo lazima uwekwe na nyinyi wazazi.

Basi kazi ya kwanza ni chakula, na ianze kesho asubuhi. Asitoke mazoezini bila kula. Safari ikizidi saa moja na nusu, awe na kitu cha wanga mfukoni na ale njiani, gramu 30 hadi 60 kwa saa, na zaidi kidogo siku za safari ndefu. Akirudi ale ndani ya saa moja, mlo wenye wanga na protini. Wanga wa usiku urudi kwenye sahani. Mizani iondoke chumbani kwake. Kama kuna sababu ya kumpima, apimwe na daktari, faragha, na namba isibandikwe popote. Akipinga kwa hofu kali, au ukigundua anaficha chakula, anatapika au anafanya mazoezi ya siri ili afidie alichokula, hapo tatizo limezidi lishe na anahitaji mtaalamu wa saikolojia mapema. Usimgombeze kwa hilo. Ugonjwa wa ulaji hukamata wavulana pia, na katika michezo inayosifia wepesi hujificha kwa urahisi sana, kwa sababu mtoto anasifiwa kwa dalili zenyewe.

Sasa vidonge. Kalsiamu ni ya lazima, lakini ni malighafi tu. Ukirundika matofali mahali ambapo hakuna mjenzi wala amri ya kujenga, ukuta hautainuka. Umri wa miaka 9 hadi 18 unahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Kikombe kikubwa cha maziwa kina takriban 300, na maziwa ya mgando, jibini, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao na baadhi ya mboga za majani huongeza. Akishindwa kufikia kwa chakula, daktari ataongeza kidonge. Vitamini D ipimwe kwenye damu kwanza, kisha atibiwe kulingana na majibu.

Ila kuna jambo moja kuhusu kalsiamu ambalo makocha wengi hawalijui, na kwa mwendesha baiskeli lina faida. Katika mazoezi marefu na makali kalsiamu ya kwenye damu hushuka, sehemu yake ikitoka kwa jasho, na mwili hujibu kwa kupandisha homoni ya parathiroidi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Kwa anayefanya hivyo siku nyingi kwa wiki, uchotaji huo si jambo dogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kwa wanawake waendesha baiskeli ulionyesha kwamba mlo wenye kalsiamu nyingi, kama miligramu 1,350, ukiliwa kabla ya mazoezi, hupunguza mpando huo wa homoni na dalili za kubomolewa kwa mfupa. Kwa hiyo kifungua kinywa anachokiruka ndicho mlo wenye thamani kubwa zaidi kwa mifupa yake, na kiwe na maziwa au mtindi, saa moja na nusu au mbili kabla ya kutoka.

Halafu kishindo. Habari njema ni kwamba mfupa hautaki mengi. Tafiti za wanyama zimeonyesha kuwa baada ya makumi machache ya mishindo seli zake huacha kusikiliza, na zinahitaji saa kadhaa za mapumziko kabla ya kusikia tena. Ndiyo maana dakika kumi za kuruka mara nne au tano kwa wiki zinashinda saa nzima mara moja. Mkono ukishapona na daktari akiruhusu, aanze na miruko midogo ya miguu miwili, kumi kwa wakati mmoja, apumzike, arudie seti tatu au nne. Baada ya wiki kadhaa aruke juu zaidi, aruke pembeni, aruke na kugeuka, atue kwa mguu mmoja, kwa sababu mfupa huitikia mwelekeo usiouzoea. Afanye kabla ya kupanda baiskeli, miguu ikiwa haijachoka. Kutembea tu hakutoshi, na kukimbia polepole husaidia lakini si kama kuruka. Akiwa na maumivu ya mgongo asianze bila kuonwa. Mgongo unaouma kwa mtoto mwenye alama kama hii upigwe picha kwanza.

Miruko hufaidi zaidi nyonga na miguu. Kwa uti wa mgongo, ambako ndiko kulikoshuka zaidi, anahitaji kubeba vyuma mara mbili kwa wiki, akisimamiwa na mtu anayejua kufundisha vijana: kuchuchumaa na uzito mabegani, kunyanyua uzito kutoka chini, kuvuta. Aanze na fimbo tupu mpaka mwili ujue njia, kisha uzito upande pole pole. Ile hofu ya zamani kwamba vyuma humfupisha mtoto haina msingi, mradi anafundishwa vizuri. Kinachoweza kuzuia ukuaji wa mwanao ni njaa. Na msimu wa mbio ukiisha, arudi kwenye mpira wa kikapu kwa miezi hiyo. Ningefurahi zaidi kama hata ndani ya msimu angecheza mara moja kwa wiki.

Kwa daktari, omba vipimo vya damu: testosteroni ikipimwa asubuhi, homoni za tezi ya shingo, vitamini D, kalsiamu, madini ya chuma, na kingamwili za siliaki, ugonjwa wa utumbo usiovumilia ngano, kwa sababu huo nao hunyima mifupa madini bila kelele. Ukuaji wake uchorwe kwenye chati ya urefu. DXA irudiwe baada ya mwaka mmoja hivi, kwenye mashine ile ile, kwani kupima mapema kunaleta namba za kuchanganya. Testosteroni ikikutwa imeshuka, asitokee mtu wa kumdunga. Imepigwa marufuku michezoni, na kwa kijana aliyekosa chakula ingefunika dalili huku chanzo kikiendelea. Homoni nyingi za namna hii hurudi zenyewe mwili ukilishwa. Mfupa hurudi polepole zaidi, na si kila mara hurudi wote, ndiyo maana nakusihi msiupoteze msimu huu.

Baba yake mwambie kwamba woga wake ni wa haki ila dawa aliyochagua si sahihi. Kumwondoa kijana kwenye mchezo anaoupenda, wakati ana hasira na njaa, kunaweza kumfanya ajifiche zaidi, na wala mifupa haitapona kwa kukaa sebuleni. Aendelee kuendesha, lakini saa zipunguzwe kwa sasa ili chakula kiweze kulingana na kazi, na mbio za milimani zisubiri hadi mkono upone na majibu ya damu yatoke. Hilo la mwisho atalilia. Simama imara.

Kwa kocha nendeni wawili, wewe na baba yake, mkiwa na majibu ya DXA mkononi. Mwambieni kwamba uzito wa mwanenu hautajadiliwa tena na mtu yeyote wa timu, kwamba siku mbili za vyuma zinaingia kwenye ratiba badala ya kuongezwa juu yake, na kwamba maendeleo yake yapimwe kwa wati na saa. Kocha mzuri atauliza maswali na kuandika. Akicheka, au akisema wote wako hivyo kwa mara ya pili, tafuteni timu nyingine.

Binti yako ana miaka 12. Yuko mlangoni mwa ile miaka miwili niliyoitaja, na hapo ndipo unaweza kumpa kile ambacho kaka yake alikosa. Mkubalie baiskeli kwa sharti moja, kwamba asiache mchezo mwingine wa kuruka au kukimbia hadi walau amalize kukua. Mchezo wowote anaoupenda, hata kama ni kuruka kamba na wenzake pamoja na mpira wa wavu. Mfundishe kuandika tarehe za hedhi zitakapoanza. Ikifika miaka 15 hajaiona, au ikianza vizuri kisha ikapotea miezi mitatu mfululizo, mpeleke kwa daktari wiki hiyo hiyo, hata kama kocha au mama wa mwenzake atakuambia kwamba kwa wasichana wa mbio ni kawaida.